Masasisho ya gari la umeme kwa njia ya hewa: nani anajua kazi, nani anakuachia skrini nyeusi

Muuzaji akikuambia gari lake la umeme "linajiapdeti lenyewe," muulize kabla hamjafika kwenye bei: linaapdeti nini? Chini ya neno hilo moja zimejificha huduma mbili zisizofanana. Moja inagusa skrini peke yake, yaani ramani, redio, lugha na rangi za menyu. Nyingine inafika mpaka kwenye kompyuta zinazoliendesha gari: ile inayosimamia betri kubwa, za mota, za breki, na ya chaja ya ndani. Ukinunua ya kwanza ukidhani ni ya pili, utaendelea kupanga foleni gereji sawa na mwenye gari la petroli. Hyundai kwa mfano ilikuwa ikituma ramani hewani, yaani kwa intaneti bila waya, kabla ya Ioniq 6, lakini Ioniq 6 ndiyo modeli yake ya kwanza ambayo kompyuta za udhibiti zinafikiwa kwa njia hiyo. Neno kwenye karatasi ya mauzo lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo tathmini hii haihesabu vipengele vipya. Inaangalia huduma inafika wapi ndani ya gari, na ikikwama njiani nini kinampata mwenye gari.

Kwa kipimo cha kwanza Tesla bado iko mbele. Tangu Model S ya 2012 magari yake yamejengwa ili sehemu kubwa ya kompyuta ziweze kuandikwa upya bila fundi kufungua boneti. Mfano ambao bado haujapata mpinzani ni wa Mei 2018. Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa, lilifunga breki za Model 3 kutoka maili 60 kwa saa, kama kilomita 96, na gari likahitaji futi 152 kusimama, takriban mita 46. Pikapu ya Ford F-150 ilisimama mapema kuliko hapo. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki. Sasisho lilitumwa ndani ya siku chache, gari lile lile likapimwa tena na kusimama kwa futi 133, yaani mita 40 na nusu. Zimepungua karibu mita 6, zaidi ya urefu wa gari lenyewe, na hakuna spana iliyoguswa.

Matumizi yake ni mepesi ukishajua alama. Ingia kwenye menyu ya Software. Alama ya kupakua ikiwa ya njano, sasisho lipo na linangoja Wi-Fi. Ikiwa ya kijani linapakuliwa. Saa ya njano maana yake limeshaingia na linasubiri ruhusa yako ya kusakinishwa. Namba ya toleo husomeka hivi: 2024.44 ni mwaka 2024, wiki ya 44, na tarakimu zinazofuata ni marekebisho madogo. Jirani akiwa na namba ya juu kuliko yako si kwamba gari lako bovu. Matoleo hutumwa kwa mafungu, na kuchagua Advanced badala ya Standard kunakusogeza mbele kwenye foleni tu, hakukupi siku. Hotspoti ya simu inafaa, ila angalia bando: sasisho la kawaida linaweza kuzidi GB 1, na kifurushi cha ramani, ambacho huja peke yake, ni kikubwa zaidi. Ukitumia hotspoti huku ukiendesha, washa kwanza lile chaguo la kubaki kwenye Wi-Fi gari likiwa kwenye D, la sivyo litaachia mtandao kila ukiondoka.

Ukibonyeza kusakinisha unapewa dakika 2 za kughairi, halafu basi. Gari halitaondoka kwa muda wa kama dakika 25, wakati mwingine zaidi, na kama lilikuwa linachaji, chaji husimama mpaka kazi iishe. Kwa gari lolote, Tesla au jingine, usianzishe ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni.

Mara ya kwanza inatisha kidogo. Skrini inazimika. Katika kimya cha usiku unasikia "ta!" kutoka chini ya viti: ni kontakta, swichi kubwa zinazounganisha betri kubwa na gari, zinafunguka na kuitenga betri hiyo. Feni inavuma kwa muda, inanyamaza, inaanza tena. Taa zinaweza kuwaka na kuzimika zenyewe. Hapo ndipo wageni hukosea kwa kukanyaga breki, kufungua milango, au kubana viringo viwili (vitufe vya kuzungusha) vilivyo kwenye usukani ili kuwasha skrini upya. Kubana viringo kuna wakati wake, yaani skrini ikiganda siku ya kawaida. Sasisho likiwa katikati, liache.

Sasa tuingie kwenye chanzo cha masasisho mengi yanayokwama, nacho si intaneti. Ni betri ndogo ya volti 12.

Kontakta zikishafunguka, betri kubwa ya kWh 60 au 80 haisaidii chochote. Kompyuta zote zinakula kwenye ile ndogo. Piga hesabu: gari likiwa macho hula wati 200 hadi 300, ambazo kwa volti 12 ni ampea kama 20. Kwa dakika 25 hiyo ni Ah (ampea-saa) 8 na ushee. Betri mpya ya Ah 45 haitikisiki. Lakini betri ya miaka minne iliyopikwa na joto la pwani, imebaki na nusu ya uwezo na hata hiyo nusu haijajaa, inaweza kuporomoka wakati kompyuta fulani iko katikati ya kuandikwa.

Na hapo inategemea ni kompyuta ipi. Ile ya skrini kwa kawaida ina nafasi mbili za kumbukumbu: toleo jipya huandikwa kwenye nafasi iliyolala huku la zamani likiendelea kufanya kazi, kisha gari linahamia kwenye jipya. Kazi ikikwama, linarudi la zamani, na asubuhi unakuta ujumbe kwamba usakinishaji umeshindikana, hakuna zaidi. Kompyuta ndogo za breki, chaja au usukani mara nyingi zina nafasi moja. Ya zamani inafutwa, mpya inaandikwa mahali pale pale. Umeme ukikatika hapo, kinachobaki ndani ni kiprogramu kidogo cha kuwashia tu, ambacho kazi yake ni kusubiri kuandikwa tena, na gari litakataa kuingia kwenye D. Haikuungua, inahitaji umeme thabiti na kuanzishwa upya, mara nyingi kwa kifaa cha wakala. Ndiyo maana magari mengi hupima betri ndogo kabla ya kuanza na kugoma ikiwa dhaifu. Wenye magari huuita mgomo huo "apdeti imebagi," wakabonyeza tena na tena siku tatu mfululizo, kumbe gari linawaokoa.

Multimita ya bei ya chini inatosha kujua hali. Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.6 au zaidi, endelea. Ikisoma 12.2 iko kama nusu: ichaji kwanza kwa chaja ya nje ya ampea 5 hadi 10. Angalizo moja ambalo hata mafundi husahau: ukifungua mlango gari huamka na kuanza kuichaji betri ndogo kutoka ile kubwa, hivyo utasoma 13.5 au 14 na kufurahi bure. Hiyo ni namba ya chaja, si ya betri. Fungua boneti, funga gari, weka ufunguo mbali, subiri, ndipo upime. Kwenye Tesla zilizotoka tangu mwisho wa 2021 hesabu hii haihusu, kwa sababu betri yao ndogo ni ya lithiamu na volti zake ni tofauti.

Volkswagen iliijifunza habari hii ya betri ndogo kwa gharama. ID.3 ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2020 baadhi ya kazi zake zikiwa hazijakamilika, na masasisho ya hewani yakaanza Septemba 2021 kwa ahadi ya toleo jipya kila baada ya wiki 12. Waliokuwa na magari ya mwanzo walisubiri kuliko hivyo. Na ilipofika zamu ya kuvuka kutoka programu ya namba 2 kwenda ya namba 3, gari lilitakiwa kupelekwa kwa wakala, na betri ya volti 12 ibadilishwe kwa yenye nguvu zaidi ili iweze kubeba masasisho yajayo. Hebu fikiria: kupata huduma ya hewani, kwanza uende gereji. Kilichomo ndani, kwa haki yao, kilikuwa kizuri. Magari ya betri ya kWh 77 yaliongezewa kasi ya juu ya kuchaji kutoka kW 125 hadi 135. Anayenunua ID.3 au ID.4 ya mitumba aangalie namba ya programu kwenye skrini kabla ya kulipa. Ikianza na 2, gari hilo halikupitia kazi ile, na kuimaliza mahali pasipo na wakala wa Volkswagen mwenye vifaa vya umeme ni mzigo wako.

Rivian ndiyo hadithi inayosimuliwa sana, na ina funzo la kiufundi kuliko la aibu. Novemba 13, 2023 toleo 2023.42 lilianza kutumwa kwa magari yake ya R1T na R1S. Kwenye baadhi ya magari usakinishaji ulikwama karibu na mwisho na skrini zikabaki nyeusi, kubwa ya kati pamoja na ile ya mbele ya dereva. Gari liliendelea kutembea, lakini bila kuona mwendo wako. Maelezo yalitoka haraka, tena kutoka kwa mkuu wa programu mwenyewe mbele ya wenye magari: kosa la mkono, faili lisilo sahihi lenye vyeti vya usalama visivyo sahihi. Kompyuta za gari la aina hii hukagua sahihi ya kidijitali kabla ya kukubali programu. Hii ndiyo kinga dhidi ya wahuni, na siku hiyo kinga ilimfungia nje mwenye nyumba. Kampuni ilisema asilimia 3 ya magari ndiyo yaliyoathirika, ikasimamisha utumaji. Kwa uwazi wao wanastahili alama. Kwa kuruhusu faili moja lisilo sahihi litoke mlangoni, hapana.

Asilimia 3, si 100, ni kwa sababu ya yale mafungu. Sasisho lisilo la usalama halina haraka. Lipe wiki moja au mbili, wa mbele wakajikwae kwanza.

Sasisho la usalama ni habari nyingine, lisakinishwe siku hiyo hiyo. Desemba 2023 zaidi ya magari milioni 2 ya Tesla nchini Marekani yaliingia kwenye wito rasmi wa marekebisho kwa sababu ya Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva kuendesha, na dawa yote ilitumwa hewani. Lakini usidhani programu inatibu kila kitu. Ford iliwahi kujaribu. Juni 2022 iliita Mustang Mach-E 48,924 kwa kontakta zilizokuwa zikipata joto kupita kiasi baada ya kuchaji kwa kasi na kukanyagwa hadi mwisho mara kwa mara. Zikiharibika, gari linapoteza nguvu barabarani. Dawa ilikuwa programu: kufuatilia joto na kupunguza nguvu kabla mambo hayajaharibika. Haikutosha. Oktoba 2023 magari 34,762 yakaitwa tena, safari hii kubadilishiwa kisanduku chenyewe cha kontakta. Chuma kilichokuwa dhaifu kilibaki dhaifu; programu ilikuwa imemwambia dereva asikibane sana. Mwenye Mach-E ya miaka hiyo anayejivunia kwamba "ilishaapdetiwa" aulize pia kama ilishafunguliwa.

Upande wa pili wa sarafu ni sasisho lenyewe kuleta ugonjwa, na mfano mbaya zaidi ni wa breki. Toleo 3.5.14 la Volvo lilileta kasoro hii: ukishuka mlima mrefu bila kukanyaga pedali yoyote kwa angalau dakika 1 na sekunde 40, gari la umeme likiwa kwenye One Pedal Drive (ukiachia pedali gari linajipunguza mwendo lenyewe) au la mseto likiwa kwenye B (gia inayofanya vivyo hivyo), breki zingeweza kutokufanya kazi ulipozikanyaga. Mwaka 2025 nchini Marekani Volvo iliyaita magari 11,469 na kuwataka wenye nayo wasitumie njia hizo mbili mpaka wapate toleo jipya. Sekunde 100 za mteremko si kitu cha maabara. Anayeshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, au Kitonga pale Iringa, anazipata bila kutafuta. Kwa hiyo namba ya toleo iandike mahali, kwa sababu matangazo ya hatari hutaja namba.

Turudi kwa Tesla, maana ubora wake una bei yake. Hakuna kurudi nyuma: toleo likishaingia huwezi kudai la zamani. Mwaka 2019, baada ya magari mawili kushika moto yakiwa yameegeshwa, Shanghai na Hong Kong, kampuni ilituma sasisho lililopunguza volti ya juu kwenye baadhi ya Model S. Watu waliamka gari likiwa na kilomita chache kuliko jana yake. Marekani kesi iliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 1.5 mwaka 2021: wamiliki 1,743, kila mmoja dola 625. Magari yao yalikuwa yamepunguzwa asilimia 10 kwa kama miezi 3, kisha asilimia 7 kwa miezi mingine 7. Huko ndiko kufika ndani kabisa kunakomaanisha: anayeweza kukufupishia mita za breki anaweza pia kukupunguzia betri ukiwa umelala. Piga picha skrini ya kilomita ikiwa chaji ni asilimia 90 kabla ya kila sasisho kubwa, na nyingine baada yake. Pungufu ya kilomita 3 au 4 ni hesabu inayojipanga upya. Pungufu ya 30 ni jambo la kuandikia barua, na picha ndiyo ushahidi wako.

Usumbufu mdogo mdogo tuupitie haraka: baada ya sasisho kubwa kagua kikomo cha chaji, ratiba ya kuchaji usiku, wasifu wa dereva na ufunguo wa simu. Hivi ndivyo hujibadilisha au kudai kuunganishwa upya. Toleo V11 la Tesla la Desemba 2021 lilihamisha vitufe vya kuondoa ukungu kwenye kioo hadi ndani ya menyu, na malalamiko yalikuwa ya haki.

Kuna pia suala la kumbukumbu iliyochakaa. Model S na X za zamani zilikuwa na kumbukumbu ya flashi ya GB 8, na programu iliandika kumbukumbu za matukio humo bila kupumzika. Flashi ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa. Zilipofika mwisho, skrini zilikufa, na pamoja nazo kamera ya nyuma; mwaka 2021 magari kama 135,000 yaliitwa. Model S ya kabla ya 2018 inayouzwa leo lazima iwe na risiti ya kubadilishiwa bodi hiyo.

Kwa mitumba kwa jumla, huduma ya hewani inauzwa pamoja na vitu visivyoonekana. Muuzaji aliondoe gari kwenye akaunti yake mbele yako, si "nitafanya kesho," kwa sababu asipofanya hivyo yeye ndiye ataendelea kulifungua kwa simu yake. Vipengele vya kulipia visiaminiwe kwa maneno: mwaka 2020 Marekani kulizuka kelele pale Model S iliyouzwa na wakala ikiwa na Autopilot kamili ilipofutiwa kwa mbali baada ya mnunuzi kuipata, ikarudishwa baadaye kwa kelele hizo. Na modemu huzeeka kuliko gari. Uingereza, Nissan ilizima programu ya simu ya Leaf zilizotengenezwa kabla ya Mei 2019 ilipofika Aprili 2024, ikieleza kwamba mitandao ya 2G inafungwa. Gari zima, huduma imekufa.

Leaf yenyewe, ambayo ndiyo mitumba ya umeme inayoonekana sana kutoka Japani, haina habari ya hewani kwa betri yake. Sasisho lake muhimu lilihusu zile za kWh 30. Mwaka 2018 kundi la wenye magari nchini New Zealand, Flip the Fleet, lilionyesha kwamba betri hizo zilionekana kuchakaa haraka kuliko za kWh 24. Nissan ikagundua kwamba kompyuta ya betri ndiyo iliyokuwa ikikosea hesabu, ikatoa programu mpya, lakini ya kuingizwa kwa kifaa chake kiitwacho CONSULT, kwa waya. Gari lililotoka Japani bila kazi hiyo bado linasoma vibaya hadi leo. Kwa hiyo ukikuta Leaf ya kWh 30 iliyopungua vijiti kati ya vile 12 vya uwezo wa betri vya kando ya kipimo, usiikimbie wala usiilipie bei ya mbovu kabla hujajua programu yake. Chomeka kidude cha OBD2 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta za gari, fungua programu ya simu ya LeafSpy, soma SOH (asilimia ya afya ya betri) na uangalie tofauti ya volti kati ya seli moja na nyingine. Seli zikiwa zimelingana huku vijiti vimepungua, kuna uwezekano kinachoumwa ni hesabu, si betri.